Metroni Aliyevua Viatu: Kumuaga Bi Mwanabaraka wa Larkmead

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2008, Bi Mwanabaraka Shaame anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya kuwatunza wazee wenye maradhi ya kusahau katika nyumba ya Larkmead, hapa Wembley. Aliingia akiwa msafishaji wa vyumba, anatoka akiwa metroni, yaani mkuu wa nyumba nzima. Umoja wetu wa Wahudumu Waswahili umeniomba mimi Titus, muuguzi wa zamu ya mchana, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya leo. Nimekubali kwa furaha, ila natahadharisha mapema: humu mna mambo ambayo hadi leo nikiyakumbuka mwili hunisisimka.

Bi Mwanabaraka ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Alikuja London kumfuata mumewe, marehemu Bwana Sufian, na alipopata kazi Larkmead mwaka 1990 hakuwa amewahi kusikia kwamba kuna nyumba ambako wazee huwekwa na watu wasio wa damu yao. Wiki ya kwanza, mwenyewe anasema, alikuwa akipiga deki huku machozi yanamtoka. Wiki ya pili akaanza kuwajua majina. Wiki ya tatu akavaa koti lake sebuleni ili aende zake nyumbani, wazee wanne wakainuka, wakapanga mstari nyuma yake hadi mlangoni, kila mmoja na mkoba wake, wakitaka nao kwenda kwao. Ilichukua chai na biskuti nyingi kuwarudisha vitini. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya Larkmead: hakuna mfanyakazi kuvaa koti mbele ya wazee. Sheria hiyo ipo hata sasa, na wengi wenu mlioajiriwa juzi mlikuwa hamjui aliyeisababisha.

Ni yeye pia aliyegundua kwamba Bwana Pettifer, aliyekuwa akikataa chakula na kumrushia sahani kila aliyemkaribia, alihitaji kwanza kuona ameifanyia kazi riziki yake. Akampa viazi amenye. Mzee akala vizuri miaka miwili mizima, nasi tukala viazi mpaka tukavichukia.

Aliyemfundisha kazi alikuwa metroni wa wakati huo, Hansa, nasi sote tulimwita Hansaben, maana kwa Kigujarati hivyo ndivyo unavyomwita dada wa heshima. Hansaben alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Hurumzi, akaondoka msichana mwaka ule ambao wengi waliondoka. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi niliyelelewa Webuye. Yeye na Bi Mwanabaraka wakikaa jikoni na vikombe vyao vya chai ya maziwa, mmoja Muunguja Mhindu, mwingine Mpemba, ungedhani ni dada wawili waliopotezana siku nyingi. Walitaniana kuhusu Pemba na Unguja hadi wazee wa Kiingereza wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Hansaben alikuwa bingwa wa kuzipokea familia zinazokuja kutafuta mahali pa kumweka mzazi. Mnajua watu hao wanavyofika: macho mekundu, wanaona aibu, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme. Hansaben hakuwaonyesha mapambo. Aliwaambia waivute hewa ya ukumbi kwa pua zao wenyewe, watazame kucha za wazee kama zimekatwa, na wakitaka kujua ukweli wa nyumba wamuulize anayepiga deki, wasimuulize yeye metroni. Bi Mwanabaraka alikuwa akitembea nyuma yake, anajifunza.

Sasa nifike kwenye ile siku ya Oktoba 1999.

Walikuja kaka mmoja na dada zake wawili kutoka Harrow, wanamtafutia baba yao nafasi. Hansaben akawazungusha kama kawaida yake, sari ya kijani, sweta jeupe, saa yake ya uuguzi imebanwa kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba foronya. Wakaingia chumba kilichokuwa wazi, kile cha upande wa bustani, kimetoka kupakwa rangi. Hansaben akakaa kitandani. Akalipapasa blanketi kwa kiganja. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kitanda, akamgeukia Bi Mwanabaraka.

“Hiki kitanifaa,” alisema kwa Kiswahili. “Mwambie mwenye nyumba nakichukua. Masanduku yangu yaletwe leo leo.”

Bi Mwanabaraka akacheka, akidhani ni utani wao wa jikoni. Nami nikacheka. Wale wageni, ingawa hawakuelewa maneno, wakacheka kwa kutuona sisi tunacheka.

Hansaben hakucheka. Alimtazama Bi Mwanabaraka kwa upole, kama unavyomtazama mtu mliyekutana naye sasa hivi, akamuuliza: “Na wewe, mwanangu, unafanya kazi hapa? Wanakutendea vyema?”

Foronya zilinidondoka zote. Yule kaka wa Harrow akaninong'oneza kuuliza kama huyu mama naye ni mmoja wa wagonjwa, na mimi, muuguzi mwenye cheti, nikainama kuokota foronya. Waliaga haraka, wala hawakurudi.

Kilichotutia bumbuwazi zaidi ni kwamba sisi tunaoshinda na maradhi haya, tunaoyanusa kwa mbali, hatukuyaona yakimwingia mkubwa wetu. Baadaye ndipo kila mtu akakumbuka lake. Funguo za stoo zilizokutwa ndani ya friji. Zamu moja aliyowapa watu wawili. Jina la mpishi aliyekuwa naye miaka kumi, ambalo alikuwa akilikwepa kwa kumwita “bwana mkubwa”. Tulidhani ni uchovu tu. Hospitali ilithibitisha kabla ya Krismasi.

Mwenye nyumba, Bwana Firoz, alimpumzisha kwa heshima zote, Bi Mwanabaraka akishika nafasi yake kwa muda, na binti wa pekee wa Hansaben, Hemali, akamchukua mama yake kwake Kenton. Hemali ni mwanasheria, amezaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hukijibu kwa Kiingereza. Alijitahidi kadiri alivyoweza hadi siku alipotoka kazini akakuta nyumba imejaa harufu ya gesi na mama yake amekaa sebuleni anatazama televisheni iliyozimwa. Siku hiyo akampigia simu Bi Mwanabaraka.

“Auntie,” alimwambia, “nisaidie kumchagulia mahali. Popote, isipokuwa Larkmead.”

Bi Mwanabaraka alishtuka na kuumia. Akamuuliza kwa nini.

“Kwa sababu hapo watu walikuwa wakisimama akiingia,” Hemali akasema. “Sitaki watu wale wale wamvue nguo na kumwogesha.”

Bi Mwanabaraka hakubishana. Aliniambia baadaye, “Mwana kasema neno la haki, Titus. Mimi n'ngekuwa yeye n'ngesema hivyo hivyo.” Basi siku zake za mapumziko wakawa wanazunguka London wawili hao, Hemali anaendesha, Bi Mwanabaraka anatazama.

Nyumba moja upande wa Stratford ilimpendeza sana Hemali. Jina silitaji. Maua mabichi mapokezini, piano nyeusi inang'aa, zulia ambalo mguu unazama. Meneja alikuwa mchangamfu na alijibu kila swali. Hemali alitaka kukubali siku ile ile. Bi Mwanabaraka akamwomba kitu kimoja tu, kwamba warudi Jumatano saa ya chakula cha mchana bila kupiga simu.

Walirudi. Mlango ulifunguliwa na msichana aliyekuwa mgeni kazini, akawapitisha moja kwa moja hadi ukumbi wa nyuma ambao mara ya kwanza hawakuonyeshwa. Humo wazee walikuwa wamepangwa ukutani kwenye viti, na mbele ya kila mmoja kumekazwa kimeza kama cha kiti cha mtoto mdogo, ili asiweze kuinuka. Bibi mmoja mwembamba alikuwa akiomba kwenda chooni. Sauti ilikuwa imemkauka, inaonyesha ameomba muda mrefu. Mhudumu aliyekuwa akipita alimwambia angoje wenzake wamalize kula.

Hemali alisimama kama aliyepigwa kofi. Bi Mwanabaraka alienda, akakifungua kile kimeza, akamshika yule bibi kwapani na kumwinua.

“Wewe ni nani?” meneja alifoka akitokea mlangoni. “Huruhusiwi kumgusa!”

“Choo kiko wapi?” Bi Mwanabaraka akauliza.

“Nimesema huruhusiwi...”

“Nimekusikia. Choo kiko wapi?”

Alimpeleka, akamsafisha, akambadilisha, akamrudisha kwenye kiti kisicho na kimeza. Kisha akatoka nje, akamuuliza Hemali ofisi ya wakaguzi iko wapi. Mchana ule ule walikwenda kwa wakaguzi wa kaunsili kutoa ushahidi, na baadaye vile vimeza vikaondolewa, pamoja na meneja mwenyewe. Hemali alikuwa akirudia sentensi moja tu ndani ya gari: “Nilitaka kumleta mama yangu hapa. Nilitaka kumleta hapa.”

Hatimaye wakapata nyumba Neasden, si mbali na hekalu kubwa la Wahindu. Nayo ilikuwa njema kweli, siitii dosari. Wahudumu wanazungumza Kigujarati, jikoni haiingii nyama, asubuhi kuna bhajani, zile nyimbo zao za ibada. Bi Mwanabaraka alinusa, akatazama kucha, akaongea na mpiga deki, akaridhika. Hansaben akahamia mwezi Machi 2000. Hemali alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Wiki ya tatu, Jumatatu ya manyunyu, tulikuwa chumba cha wafanyakazi tunakabidhiana zamu. Kengele ya mlango ikalia. Nikaenda kufungua.

Alikuwa Hansaben. Sari imelowa hadi magotini, miguuni ana ndala za ndani, saa yake ya uuguzi iko kifuani.

“Nimechelewa, basi lilijaa,” alisema akinipita. “Haya, nani hakulala vyema?”

Akakaa kwenye kiti chake cha zamani, mwisho wa meza, akasubiri. Alikuwa amevuka barabara ile ya magari yaendayo kasi, akapanda basi sahihi, akashuka kituo sahihi, akapanda kilima. Mwanamke asiyekumbuka kama amekunywa chai! Huko Neasden alitoka nyuma ya mleta maziwa, akamshikia mlango na kumshukuru kwa kazi njema, na yule mleta maziwa akadhani huyu ndiye mkuu wa nyumba.

Tulimrudisha Neasden; mara ya pili aliletwa na polisi. Walimkuta kituo cha basi asubuhi, akawaeleza kwamba yeye ni metroni na wazee wanamsubiri, nao wakamwamini kabisa. Afisa aliniomba radhi kwa niaba yake kwa kuchelewa. Niliukubali udhuru huo, nikafunga mlango. Tungeweza kuletewa maiti.

Neasden walisema kwa masikitiko kwamba hawawezi kumzuia bila kumfungia. Ikabaki wodi ya milango ya kufuli. Bwana Firoz akaita kikao ofisini kwake Larkmead: yeye, Hemali, Bi Mwanabaraka, na mimi kwa upande wa uuguzi.

“Mama yako ameshachagua, Hemali,” Bi Mwanabaraka alisema. “Kachagua siku ile alipovua viatu, na kachagua tena na tena kwa miguu yake. Sie ndio hatusikii.”

“Mnataka awe kichekesho,” Hemali akajibu, macho yamejaa machozi. “Akae kwenye kile kiti atoe amri, na ninyi mbane kicheko.”

“Atakayecheka namfukuza,” Bi Mwanabaraka akasema. “Nitaanza na Titus.”

Sikujua nitazame wapi. Hemali alitabasamu kidogo, kisha akarudi kwenye lile lake: “Na kuogeshwa?”

“Nitamwogesha mimi. Peke yangu. Hapana mtu mwengine atakayemgusa.”

Hemali akatoa sharti moja: mama yake asidanganywe. Asiambiwe kwamba ni mgonjwa kama hajauliza, lakini siku akiuliza mwenyewe, ajibiwe kweli. Wakapeana mikono.

Tangu hapo Hansaben alilala chumba cha upande wa bustani na kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake, nasi tukampa habari za nyumba: nani kala, nani kakohoa, nani anamtafuta mkewe. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali, mengine ya maana na mengine si ya dunia hii. Hakuna aliyecheka. Na Bi Mwanabaraka alimwogesha kila siku kwa mkono wake. Alikuja Jumapili zake za mapumziko. Alikuja asubuhi za Idi kabla hajakwenda kuswali, amevaa kanga juu ya nguo mpya ili isilowe. Mimi nilidhani ataichoka ahadi ile baada ya mwezi. Miaka ikapita.

Mchana mmoja wa mwaka 2002, Bi Mwanabaraka akimchana nywele karibu na dirisha, Hansaben akauliza: “Mwanabaraka, mie mgonjwa?”

Nilikuwa nampimia jirani yake presha. Nilitamani niwe mahali pengine.

Bi Mwanabaraka aliliweka chanuo chini. “Ndio, Hansaben. Umeingiwa na maradhi ya kusahau.”

“Kama wale?” akaonyesha ukumbini.

“Kama wale.”

“Basi mbona mnanikabidhi zamu?”

“Kwa sababu ulikuwa ukija kuichukua. Na kwa sababu sisi tulikuwa hatujawa tayari uondoke.”

Hansaben hakulia, hakukasirika. Kisha akaibandua saa kifuani mwake, vidole vinahangaika na pini, akaibana kwenye kifua cha Bi Mwanabaraka.

“N'shachoka mwanangu,” akasema. “Leo nastaafu. Shika nyumba.”

Tuliliacha hapo. Tulijua kesho yake atakuwa amesahau, maana kufikia wakati ule alikuwa hakumbuki jambo la nusu saa. Asubuhi tukakaa mezani, kiti chake tumekivuta tayari. Tukasubiri. Hakuja. Bi Mwanabaraka akaenda kumwangalia akihofia mabaya, akarudi amejishika kifua. Hansaben alikuwa chumba cha kulia, amekaa kati ya wazee wenzake, kitambaa shingoni, anasubiri uji. Hakuna aliyemkumbusha. Sijui alilihifadhi wapi neno lile katika kichwa kilichokuwa kinavuja kila kitu, wala daktari niliyemuuliza hakujua. Hakuja tena kwenye makabidhiano hata siku moja. Alifariki mwaka uliofuata, alasiri moja yenye jua, mkono mmoja kwa Hemali na mmoja kwa Bi Mwanabaraka.

Bwana Firoz alimteua Bi Mwanabaraka kuwa metroni rasmi, akiwa mtu wa mwisho kujua jambo ambalo jikoni walishalijua. Katika uongozi wake ukumbi wa nyuma wa Larkmead ndio wa kwanza kuonyeshwa wageni, na familia yoyote huruhusiwa kuja saa yoyote bila kupiga simu. Wengi wetu hapa tumepata kazi, vyeti na pengine wachumba kwa usimamizi wake. Amegombana na nusu ya Wembley. Futari aliyokuwa akituletea sote, Waislamu na Wakristo, imetunenepesha.

Wiki iliyopita, katika kikao chake cha mwisho, alikuja na binti yake Haifa. Tulidhani ni kwa ajili ya keki. Akasimama akasema: “Nataka mnisikie nyote muwe mashahidi. Maradhi yale yakinipata mie, msinilete Larkmead.”

Mpishi aliacha kisu ndani ya keki.

“Hapa mtaniogopa,” akaendelea. “Hamtanikataza chumvi wala sukari, mtaniua kwa adabu. Nipelekeni nyumba iliyo karibu na Haifa, pale atakapoweza kufika kwa miguu hata treni zikigoma. Ikiwa haina bustani si kitu. Awe anakuja.”

Haifa aliinamisha kichwa. Nilidhani atamwambia mama yake aache maneno hayo, kama watoto wote wasemavyo. Badala yake akavuta kiti karibu, akaanza kumuuliza mambo mbele yetu: unataka uogeshwe na nani, nywele ufunikweje, ukikataa kula tufanye nini, ukinisahau nije bado? Na Bi Mwanabaraka akamjibu moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida, kama wanaopanga safari. Hilo la mwisho alilijibu hivi: “Njoo. Sitakujua, lakini nitafurahi kuna mtu kaja.”

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimezipokea familia mia, na sikuwahi kuona jambo lile likiulizwa wakati mwenye kuulizwa bado ana akili ya kujibu. Jioni ile nilimpigia simu baba yangu Webuye, nikamuuliza maswali yale yale. Akasema, “Nilikuwa nangoja uniulize,” tukaongea hadi kadi ya simu ikaisha.

Bi Mwanabaraka, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wazee wako na familia zao, tunakushukuru kwa mikono yako. Nenda ukapumzike Stratford karibu na wanao na wajukuu zako. Mwenyezi Mungu akupe afya, akutunzie kumbukumbu zako, na kila siku mlango wako ubishwe na mtu unayempenda.